Maneno Raymundi Aliyoipa Mashine

Wimbo uliingia kwenye simu yangu siku ya Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, mimi nikiwa barazani nakata sanda. Msishtuke, hakuna aliyekuwa amekufa. Mimi hukata mapema. Cherehani yangu ni moja na kitambaa cheupe ni kilekile: akiwahi bi harusi, kinakuwa gauni lake; akiwahi mwingine, kinakwenda naye chini. Watu wa Gongoni wamenizoea. Wapo wazee wanaopita asubuhi kuniuliza kama cha kwao kimeshakatwa, nami huwaambia wasiwe na haraka, sijapata vipimo.

Namba ilikuwa ngeni. Nikabonyeza, ikatoka sauti ya mwanaume, nzito, ya taratibu, ya mtu anayesema na ukuta. Nyuma yake gitaa linalia. Nilikuwa nimeinua mkasi, nikauacha hukohuko hewani, kwa sababu yule mwanaume alikuwa anaimba hivi:

Nilikuja na swali mlangoni kwako,
ukanijibu jibu la njiani.
Nipe chumvi yangu niende,
nipe chumvi yangu niende.

Duniani, ukiniondoa mimi, kuna mtu mmoja tu anayeijua habari ya ile chumvi. Na sauti ile haikuwa yake.

Nikaurudia wimbo. Mara ya tatu, mwanangu Majidi akawa ametoka swala, amesimama na kanzu yake kwenye mlango wa duka lake la simu, ambalo liko ubavuni mwa baraza langu. Ananitazama kwa jicho la marehemu baba yake. Akaniuliza nasikiliza nini. Nikamwambia kaswida. Akataka kujua ni kaswida gani hiyo yenye gitaa na mwanaume anayedai chumvi, akaichukua simu, akaiweka sikioni, akasikiliza kama fundi anayesikiliza injini. Kisha akacheka kwa pua.

"Huyu siyo mtu, mama," akasema. "Ni akili mnemba. Unaiandikia unataka wimbo wa namna gani, sauti ya namna gani, huzuni kiasi gani, inakuimbia. Dakika mbili haziishi."

Nikamuuliza kama mashine hiyo inaweza na kusubiri. Hakuelewa, nami sikumfafanulia. Nilikuwa nimeumia mahali ambapo nilidhani pameshaota sugu. Wimbo ule niliahidiwa miaka arobaini na mitano iliyopita, halafu naletewa na kitu ambacho hata mate hakimezi.

Sasa mniache niwaeleze, maana msipoijua habari ya mwaka themanini mtanihukumu vibaya. Mkishaijua mtanihukumu vibaya vilevile, ila kwa haki.

Raymundi alikuwa kijana wa Kigwa, kwenye gengi la reli, wale wanaopigilia mataruma juani mpaka migongo inang'aa. Kila Jumamosi alikuja mjini na zeze lake la kibuyu mgongoni. Mimi nilikuwa binti wa dukani, na duka la nguo la baba yangu lilikuwa kwenye nyumba hiihii, baraza ni hilihili, na hata benchi hili ni lile, tumelibadilisha miguu tu. Kwetu ni Wazaramo. Babu wa babu yangu alikuja na msafara kutoka Pwani, akaumwa miguu, akasema atapumzika Tabora mpaka ipone. Mpaka leo tupo, inaonekana haijapona. Kwao Raymundi ni Wanyamwezi, waliobeba mizigo ya misafara hiyohiyo kwa ujira wa chumvi. Njiani walizikana, wakauguzana, wakagawana maji ya kibuyu kimoja, ndiyo maana wakawa watani. Mimi niliruhusiwa kumwita mpagazi wangu, yeye akaniita mzigo wake, na hakuna aliyekuwa na haki ya kukasirika.

Ila utani una sharti lake, na bibi yangu alinifundisha kabla sijajua kusoma. Neno baya la mtani linakwenda na mkono. Mtukane utakavyo, lakini umshike mkono, ajue ni mchezo. Ukimtukana huku umemwachia, hapo hamtaniani tena.

Jumamosi moja ya kiangazi alikaa hapa, akanishika mkono chini ya kitambaa kilichokuwa mezani. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama ganda. Akaniuliza kama Jumamosi inayofuata, akija na wajomba zake na wimbo aliokuwa ananitungia, atanikuta mimi au ataukuta mlango. Alikuwa ananitazama, na macho yake yalikuwa na tabia ya kukaa juu ya mtu bila kupepesa, unasikia joto mpaka shingoni. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Moyo ulikuwa unanichemka kama sufuria isiyo na mtu jikoni. Nikamjibu kama mtani:

"Mpagazi hawi mume. Mpagazi anapewa chumvi yake, anaondoka."

Nikacheka. Palepale baba akakohoa ndani ya duka, nami nikauchomoa mkono.

Raymundi alitabasamu. Akasimama, akavaa zeze lake, akaenda. Jumamosi ilipofika nilikaa barazani na khanga mpya, nikakaa na inayofuata, nikakaa na ya tatu. Hakuja yeye wala mjomba. Mwezi wa nne baba akanipa kwa Mussa, mtu mwema, mfanyabiashara, aliyekoroma kama behewa la mizigo, Mungu amrehemu. Na mimi kwa miaka yote hii nimewasimulia majirani jinsi Raymundi wa Kigwa alivyonikimbia. Nimesimulia vizuri mpaka wapo waliolia.

Basi Ijumaa ile, Majidi alipoingia ndani kubadili kanzu, niliiandikia ile namba: mwambie mwenye wimbo aje mwenyewe.

Akaja Jumapili.

Bajaji ilisimama mbele ya baraza baada ya saa ya misa. Kwanza akashuka mwanamke wa makamo mwenye kapu la karanga, amevaa gauni la kanisani, uso wa kialimu. Kisha akaingiza mikono ndani na kumtoa baba yake kidogokidogo, kama unavyotoa cherehani kwenye gari. Nilisimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali tangu alfajiri, nikayaona yananitoka moja moja na kwenda zake.

Kiharusi kilikuwa kimempitia upande wa kulia. Mguu aliuburuta. Mkono wa kulia ulining'inia. Mdomo ulikuwa umevutwa juu upande mmoja ukabaki huko, kwa hiyo daima alionekana kama mtu anayecheka kitu ambacho wewe hujakisikia. Lakini jicho la kushoto lilikuwa bado la mwaka themanini. Likaja likakaa juu yangu, halikupepesa.

"Mtani," akasema, maneno yakitoka yameloa. "Bado hujafa?"

"Nakusubiri utangulie. Kitambaa chako nimeshakikata."

Akacheka, upande mmoja tu, na machozi yakamtoka jicho la upande mwingine. Binti yake akatutazama kama watu waliochanganyikiwa, akaniamkia shikamoo mama, nikamwitikia marahaba mwanangu. Alijitambulisha kuwa ni Consolatha, mwalimu wa shule ya msingi huko Igalula, na kwamba baba yake sasa anaishi naye.

Nikawakaribisha chai. Raymundi akakaa kwenye benchi, mimi nikakaa kuliani kwake, tukiitazama barabara, na ile sanda niliyokuwa naipinda ikiwa imelala mapajani mwetu wote wawili kwa kuwa ilikuwa ndefu na benchi ni fupi. Consolatha aliketi mbele yetu kwenye kigoda. Nilipoweka kikombe, akakiwahi na kukisogeza mbali na mkono wa kulia wa baba yake.

"Huu hausikii kitu, mama," akaniambia. "Mwezi uliopita aliuegemeza kwenye jiko, tukajua kwa harufu."

Nikasema pole. Nilisema kwa mdomo wangu huu. Yawekeni maneno hayo pembeni.

Majidi naye alishatoka dukani kwake. Akamwamkia mzee kwa adabu, kisha akavuta kiti mlangoni akaanza kufuta makava ya simu ambayo hayakuwa na vumbi.

Consolatha ndiye aliyeanza habari ya wimbo. Baba yake hawezi tena kupiga zeze wala kuimba, na jambo hilo limemkalia vibaya kuliko mguu. Zeze ameligeuzia ukutani. Walimu wenzake wakamwonyesha hiyo mashine ya kwenye simu, akaona angalau imchangamshe mzee. Misa ya kumkumbuka marehemu mama yake ilikuwa inakaribia, miaka miwili tangu azikwe. Kwa hiyo jioni tatu mfululizo baba alikaa akitamka wimbo anaoutaka uwe wa namna gani, yeye anaandika. Ulipokuwa tayari, baba akampa namba yangu, aliyoipata kwa mtu wa Gongoni, akasema uende kwanza kwa mama mmoja wa mjini anayejua nyimbo.

"Nilidhani wewe ni wa kwaya," akasema, akiitazama sanda.

Nikamwambia kwaya yangu haina marudio. Halafu nikamgeukia Raymundi, nikamwambia yangu yote. Kwamba wimbo wake unaimbwa na mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Kwamba gitaa lile lingefaa hotelini. Kwamba pale katikati zimeingia ngoma kama watu wameletewa pilau. Nikamwuliza kama kweli miaka yote hii alikosa hata mbuzi wa kuniimbia, mpaka akaniletea sauti ya mtu ambaye hakuzaliwa.

Consolatha ndiye aliyechukia kwa niaba yake. Akatoa simu, akatafuta kitu, akanipa.

"Mashine imeshindwa, sawa," akasema. "Lakini soma alichoiambia. Nimeandika neno kwa neno, sikugusa hata nukta."

Nikavaa miwani. Nikasoma kwa sauti, kwa sababu bila sauti mimi sielewi:

"Wimbo uende polepole kama mtu anayetembea juu ya mataruma ya reli, ambayo hayalingani na hatua za binadamu. Zeze moja tu. Gitaa hapana. Ngoma hapana, hakuna anayecheza. Sauti iwe ya mwanaume aliyezeeka na wimbo tumboni, anautoa leo kwa mara ya kwanza na hana pumzi ya kuurudia. Asilie. Aliyelia ameshapumzika, huyu hajapumzika. Mwanzoni kuwe na mchana wa kiangazi, vumbi, nguo nyeupe zimetundikwa mlangoni. Katikati mwanamke acheke. Kicheko kifupi, kizuri, cha mtu mwenye meno yote. Kikiisha, zeze linyamaze, pabaki kimya cha mtu aliyeachiwa mkono. Halafu aanze kutembea, kutoka Tabora mpaka Kigwa, kwa miguu, treni impite asiipande. Wimbo usiwe na mwisho. Yeye afike nyumbani, wimbo usifike."

Miwani ilipata ukungu. Nikaivua, nikaifuta kwa sanda.

"Ulitembea mpaka Kigwa," nikasema.

"Nilikuwa na tiketi mfukoni. Sikutaka watu wa kwenye behewa wanione uso."

"Raymundi, nilikuwa natania."

"Utani naujua, nimezaliwa ndani yake. Mtani anacheka huku amekushika mkono. Wewe ulicheka ukauchomoa."

"Baba alikohoa."

"Mimi sikusikia kikohozi," akasema. "Nilisikia mkono."

Ningeweza kuapa pale kwamba kosa lote ni la kikohozi cha marehemu baba yangu, na hakuna ambaye angenipinga. Lakini jicho lile lilikuwa juu yangu, nikajikuta nayakumbuka mengine ambayo huwa siwasimulii majirani. Nakumbuka kwamba siku ile, kabla sijasema lolote, niliitazama miguu yake. Ilikuwa na lami ya reli kwenye kucha. Nikawaza wajomba wa namna hiyo kumi wakipanda kwenye baraza la baba yangu, mbele ya majirani wenye maduka. Neno la mpagazi lilinitoka kwa utani, ndiyo. Nusu. Nusu nyingine ilikuwa kweli, na mkono wangu ulilijua hilo kabla ya kichwa changu. Basi nimeishi miaka arobaini na mitano nikilia kuachwa, na aliyeacha ni mimi.

Na Consolatha alikuwa anatusikiliza. Mwalimu huyo. Alikuwa anajumlisha.

"Baba," akasema. "Ile chumvi kwenye wimbo."

Raymundi akaitazama barabara.

"Mama aliuza chumvi soko la Igalula maisha yake yote. Nilipoandika chumvi nililia, nikasema baba kumbe alikuwa anamwona." Sauti yake haikupanda hata kidogo, ingepanda ningepumua. "Nilikuuliza kicheko ni cha nani, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kucheka. Ukaniambia andika tu."

"Mama yako alikuwa mke mwema."

"Sikuuliza wema wake. Miaka thelathini na minane aliishi na wewe na zeze lako. Ulimwimbia lini?"

"Hakuniomba wimbo."

"Hakujua kama nyimbo zinaombwa. Alidhani huna."

Raymundi akainamisha kichwa, na mdomo wake ule mwovu ukaendelea kucheka peke yake. Sijawahi kuona kitu kibaya kama kile, mtu anaungua na uso wake unachekelea. Apolinaria, ndilo jina la marehemu mke wake, nilikuwa sijawahi kumfikiria hata siku moja. Kwangu alikuwa mwanamke aliyepata nilichokosa. Kumbe alipata kapu lenye tundu, akalibeba miaka thelathini na minane akidhani ndivyo makapu yalivyo.

Majidi akaona nafasi yake imefika. Akaacha makava, akazungumza na mzee kwa heshima, akitumia lugha ile ya watu wa misikitini wakitaka kukufukuza kwa uzuri. Akasema wanashukuru kwa ugeni, na yaliyopita yamepita, na mama yake ni mjane wa mtu aliyejulikana mjini hapa. Kisha akanigeukia mimi, akanong'ona kwa sauti ambayo hata dereva wa bajaji aliisikia, kwamba watu wataniona kituko, bibi wa wajukuu watano na mzee Mkristo ambaye hata kijiko hashiki.

Hapo ndipo Raymundi alipoinua uso.

"Zuwena," akasema. Siyo mtani. Zuwena. "Sikuja kwa ajili ya wimbo. Wimbo nimeshindwa, na mashine imeshindwa. Nimekuja na swali lilelile. Nikija tena Jumamosi na mjomba mmoja aliyebaki, nitakukuta wewe au nitaukuta mlango?"

Barabarani alipita mtu na baiskeli ya mkaa. Tulimsubiri apite, wote wanne, kama vile na yeye ana sehemu katika shauri lile.

Nilitaka kusema ndiyo. Neno fupi, hata mtoto analiweza. Lakini upande huu ameniinamia mwanangu, upande ule binti wa Apolinaria ananitazama bila machozi, na mimi maneno ya wazi sijawahi kuyatumia maishani, sijui yanawekwa wapi mdomoni. Halafu nikaona njia. Nikaona naweza kuirudia siku ile yote kama ilivyokuwa, neno kwa neno, ila safari hii niimalizie palipokatika. Yeye ataelewa, amezaliwa ndani yake. Hawa wengine wabaki wanashangaa.

Nikaingiza mkono wangu chini ya sanda. Nikautafuta mkono wake uliokuwa karibu yangu, nikaushika. Kiganja kilikuwa kimelainika kwa uzee. Nikaingiza vidole vyangu kati ya vidole vyake, nikakaza mpaka nikasikia mifupa.

"Mpagazi hawi mume," nikasema. "Mpagazi anapewa chumvi yake, anaondoka."

Na nikacheka. Kicheko kifupi. Meno yote sina, lakini yaliyopo yalifanya kazi yao.

Nilimsubiri. Sikumwachia. Raymundi alikuwa anatazama barabara, mdomo wake unacheka, nami nikauamini mdomo ule. Niseme ukweli, niliuamini. Nikawaza ameelewa, nikawaza Jumamosi nitavaa nini.

"Nimesikia, mtani," akasema taratibu. Halafu akamwambia binti yake: "Mwalimu, mwite dereva."

Consolatha akaja kumwinua. Akaifunua sanda ili isimkwaze miguuni, akauona mkono wangu ulipo. Akasimama hivyo, ameinama, anatazama vidole vyangu vilivyojikaza kwenye vidole ambavyo yeye huviosha kila siku na kuvikata kucha. Akaniangalia usoni. Mimi nilikuwa bado natabasamu, mpumbavu mimi. Alikuwa na neno moja tu la kusema, baba, amekushika mkono. Nililiona likimfika mdomoni.

Akalimeza. Akavitoa vidole vyangu kimoja kimoja, kwa upole, kama mtu anayefungua fundo la mtoto. Akaikunja sanda akaiweka juu ya benchi.

"Asante kwa chai, mama," akasema.

Ni pale walipokuwa wanamwingiza kwenye bajaji ndipo mkono ule wa kulia, niliokuwa nimeushika, ulipomponyoka. Ulining'inia nje ya mlango, ukapiga bati la bajaji, ko. Yeye wala hakugeuka. Consolatha akauokota, akamwekea mapajani kama kifurushi.

Nikasimama. Nadhani niliita jina lake, lakini dereva alishawasha, na bajaji za Gongoni zina kelele ya kumfukuza hata shetani. Niliona kisogo chake kupitia plastiki ya nyuma. Kisogo kileile, kimepungua nywele tu. Mara ya kwanza kilikwenda na zeze.

"Umemjibu vizuri, mama," Majidi akasema, akanibusu kichwani. Hajawahi kunibusu kichwani tangu harusi yake.

Jioni niliandika kwenye ile namba. Raymundi mwenyewe hana simu, mkono mmoja haumtoshi, kwa hiyo kila neno linalokwenda kwake lazima lipite mkononi mwa binti yake. Nilijua hilo nikaandika hivyohivyo: "Mwanangu Consolatha, nakuomba umwambie baba yako kwamba nilimshika mkono." Nikasubiri. Zikatokea zile alama mbili, zikageuka bluu. Alikuwa amesoma. Jumatatu sikupata jibu, Jumanne sikupata, Jumatano nikamalizia kuipinda sanda.

Jibu lilikuja Alhamisi, nikiwa barazani, na halikuwa na neno hata moja. Ulikuwa wimbo.

Nikaubonyeza. Sauti ni ileile ya mtu ambaye hakuzaliwa, lakini mara hii ilikuwa imefundishwa vizuri. Gitaa halimo. Ngoma hazimo. Zeze moja, linatembea polepole, hatua hazilingani. Katikati zeze likanyamaza mahali palepale alipotaka, nikajikuta nimezuia pumzi nasubiri kicheko. Hakikuwepo. Baada ya kimya lilikuja jina, likaimbwa taratibu, mara moja, halafu tena: Apolinaria. Apolinaria wa soko la Igalula, niletee chumvi yako.

Sijui kama ni baba aliyeitamkia mashine au ni binti. Nimekaa na swali hilo na sina wa kumwuliza. Ulikuwa wimbo mzuri, ndio ubaya wake. Niliusikiliza mpaka mwisho, na ulikuwa na mwisho.

Majidi akachungulia kutoka dukani kwake, akaniuliza nasikiliza nini.

Nikamwambia kaswida. Safari hii hakubisha.